Je, kuna waranti yenye jina lako? Nilivyokwenda kuitafuta yangu

Simu iliita saa moja jioni, Ijumaa moja ya mwaka 2011. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ofisa wa upelelezi katika kituo cha polisi cha mji wetu wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Alinitaja kwa majina yangu yote mawili, akautaja mtaa ninaoishi, kisha akasema kwa Kiswahili kile cha polisi ambacho hapa kwetu hata asiyekijua hukielewa: "Mzee, waranti yako iko mezani kwangu. Wiki ijayo tunakuja kukuchukua."

Baada ya hapo sauti ikalainika. Eti yeye ni mtu mwenye huruma, na nikimtumia laki mbili kwa simu usiku huo huo, karatasi itapotea.

Sikulala. Mama watoto aliniuliza nimemkosea nani, nikamjibu sijui, na kweli sikujua. Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikuwa na utambulisho wa binti yetu, na wageni wa upande wa mume walikuwa wameshakodi basi. Hebu fikiri, msomaji, baba mwenye nyumba anatiwa pingu mbele ya wakwe zake! Kulipokucha nilikuwa tayari nimezihesabu zile laki mbili.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama. Nilimkuta akichambua maharage kivulini, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Waranti haizaliwi polisi. Mpigie umwulize mambo mawili tu, imetolewa na mahakama gani na namba ya kesi ni ipi." Nikapiga. Yule bwana akaanza kufoka, akaniita mjinga, akakata simu.

Jambo hilo la kwanza wengi hatulijui. Waranti ya kumkamata mtu hutiwa sahihi na hakimu au jaji. Hueleza kwa kifupi kosa linalodaiwa, na humtaja au kumweleza mtu anayetakiwa. Polisi kazi yao ni kuitekeleza. Kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya Uganda, karatasi hiyo hubaki hai mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Haiozi kwa sababu mwaka umepita, wala kwa sababu hakimu amehamishwa. Majirani zetu wa Kenya nao wana kifungu cha namna hiyo hiyo katika sheria yao ya mwenendo wa kesi za jinai.

Nikadhani mambo yamekwisha. Mzee yule akanirudisha kitini. "Tapeli hakuota jina lako," akasema. "Amelisikia mahali. Je, umewahi kumdhamini mtu?"

Hapo ndipo moyo uliponidunda. Mwaka 2009 nilisimama mdhamini wa kijana wa jirani aliyeshtakiwa kwa kumpiga mwenzake kwenye ugomvi wa kinyozi, ugomvi wa kipuuzi kabisa. Mimi na mjomba wake tuliahidi shilingi milioni moja kila mmoja, si taslimu, kwamba kijana atafika mahakamani kila akiitwa. Nilipeleka barua ya chairman wa LC na kitambulisho changu cha kazi, nikatia sahihi, nikaenda zangu. Baadaye nilisikia wazee wa pande zote mbili wamekaa, kijana amelipa gharama za hospitali, wamepeana mikono. Sote tukajua kesi imekwisha.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mahakamani. Nilikuwa na karatasi moja tu ya maana: fomu ya zamani ya dhamana, ambayo mama watoto aliitoa chini ya sanduku. Juu yake palikuwa na namba ya CRB, ile ambayo polisi huandika wanapofungua faili la jinai, na namba ya kesi ya mahakama. Namba hizo mbili ni dhahabu. Aliyekuwa mbele yangu kwenye dirisha la masijala hakuwa nazo, naye aliambiwa ataje jina la mshtakiwa, jina la mlalamikaji na mwaka, kisha akae kwenye benchi asubiri. Sijui alisubiri mpaka lini, maana nilipoondoka bado alikuwa pale.

Karani alipekua rafu ya mafaili yaliyofungwa kwa kamba, akarudi na letu likiwa na vumbi. Kurasa za mwanzo zilikuwa sawa. Halafu zikafuata tarehe, na mbele ya kila tarehe maneno yale yale: mshtakiwa hayupo. Mara ya tatu hakimu alitoa waranti ya kumkamata kijana. Chini yake kulikuwa na wito kwa wadhamini, mimi na mjomba, tufike kueleza kwa nini tusilipe zile milioni tulizoahidi. Nyuma ya wito wangu mtu alikuwa ameandika kwamba sikupatikana. Mimi, ambaye nyumba yangu iko hatua mia moja kutoka sokoni na nimekaa humo tangu 1988!

Kwa hiyo tapeli alisema uongo wenye chembe ya ukweli. Waranti ya jina langu haikuwapo. Ya kijana ilikuwapo, na yangu ilikuwa njiani, kwani mdhamini anayeitwa asiitikie hujiweka pabaya: mahakama inaweza kuagiza mali yake ikamatwe, na mwisho hata yeye mwenyewe.

Mwenye wasiwasi kama wangu na aanzie masijala ya mahakama ya eneo lile alikopata matatizo. Kama anaogopa kwenda mwenyewe, amtume wakili, au hata ndugu mwenye akili timamu, kwani mtu hakamatwi kwa kosa la nduguye kwa sababu ameulizia faili. Asiye na pesa za wakili anaweza kwenda kwa Justice Centres Uganda, au kwa akina mama wanasheria wa FIDA, wanaosaidia wasiojiweza. Kituoni polisi pia unaweza kuuliza, ila ujue kwamba kama waranti ipo, unaweza usitoke. Mtu wa kwanza kwenda naye huko ni wakili, na wa pili ni mtu wa nyumbani atakayejua uko wapi.

Wengine hufikiri kwamba cheti cha tabia njema kinachotolewa na ofisi ya Interpol mjini Kampala kinatosha. Cheti kile hutolewa baada ya alama zako za vidole kulinganishwa na kumbukumbu za uhalifu. Waranti iliyosainiwa na hakimu wa wilayani imelala ndani ya faili la wilayani. Tangu Machi 2022 Mahakama za Uganda zimeanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kesi, ECCMIS, lakini haujafika kila mahakama, na mafaili ya zamani bado yako kwenye kamba zao. Ndugu zetu walioko Marekani hutuambia kwamba kule wilaya nyingi zina ukurasa wa intaneti ambapo unaandika jina na kuona mwenyewe. Hata huko, matapeli wa simu wanaodai kuwa na waranti yako ni wengi vile vile.

Kuna karatasi nyingine inayofanana na hii. Mtu aliyeshindwa kesi ya deni na hakulipa anaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama ya madai, na wanaomjia ni madalali wa mahakama. Huyo naye faili lake liko masijala, ila upande wa madai, si wa jinai. Tena, kukosekana kwa waranti hakumaanishi huwezi kukamatwa. Kwa makosa mengi polisi wana uwezo wa kukamata bila karatasi yoyote, mradi wakwambie sababu kwa lugha unayoielewa na wakufikishe mahakamani katika saa 48, kama Katiba ya 1995 inavyosema. Na bondi ya polisi ni bure. Mabango yanasema hivyo, hata kama wenye kalamu husahau kuyasoma.

Kijana tulimpata kwenye kiwanda kimoja upande wa Jinja. Mama yake alilia kwenye simu, akidhani tunampeleka mwanawe gerezani. Kijana mwenyewe alitaka kuvuka mpaka ajifiche Kenya, mpaka mjomba alipomwambia kwamba nchi hizi zina sheria za kurudishiana watuhumiwa, na kwamba akikimbia safari hii, milioni mbili zitatoka kwenye ng'ombe wa ukoo. Alifika Jumatano usiku.

Alhamisi tulisimama mbele ya hakimu, kijana, sisi wadhamini wawili, na yule aliyepigwa, aliyekubali kuja kwa nauli yangu. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo. Aliuliza kwa nini hatukuja kusema kwamba tumepatana. Hatukuwa na jibu zaidi ya kwamba hatukujua. Alitukaripia kwa dakika kumi hivi, na tulistahili, akaeleza kwamba sheria inaruhusu mahakama kuwapatanisha watu katika kesi za kupigana kama ile, lakini ni yeye anayeifunga kesi, si wazee chini ya mwembe. Akaifuta waranti. Wadhamini tukaachiliwa.

Nilipokuwa nikitoka, karani aliniita dirishani. Akaniambia tuombe nakala ya amri ile yenye muhuri, tulipe ada yake benki, na nyingine tuipeleke kituoni, kwa sababu nakala ya waranti ya zamani huenda bado iko kwenye droo ya mtu. Niliona ni usumbufu, maana utambulisho ulikuwa kesho kutwa na mahema hayajafika. Tukaomba hata hivyo.

Mwaka 2013 kijana alisimamishwa na askari aliyekuwa na karatasi ile ile ya zamani. Alitoa nakala mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo, muhuri unasomeka. Askari aliisoma mara mbili, akamrudishia.