Takriri Igeukapo Kinaya

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza huzidhibiti tamathali za semi kama karani ahesabuye shehena bandarini, hii sitiari, ile tashbihi, ile takriri, kisha akaziacha papo hapo na kwenda kuitafuta dhamira mahali pengine, ilhali dhamira imo ndani ya zile zile alizokwisha kuzihesabu.

Natuitazame tamthilia ya Julius Caesar, aliyoitunga William Shakespeare yapata mwaka 1599 kwa kufuata tarihi ya Plutarch, na ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Caesar amekwisha kuuawa. Brutus, mmoja wa wauaji, asimama mbele ya halaiki ya Warumi na kusema nao kwa nathari iliyopimwa, akiwaeleza kwamba tamaa ya utawala ndiyo iliyomponza marehemu. Nao wamridhia, hata mmoja wao apaza sauti kutaka Brutus mwenyewe afanywe Caesar! Hoja wameishangilia, wala hawakuifahamu.

Ama Antony, rafiki wa Caesar, yeye alipewa ruhusa ya kuhutubia mazishini kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, na sharti hilo ndilo lililoizaa takriri yake mashuhuri. Maadamu kulaumu kumeharimishwa, atasifu. Atarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, na baina ya sifa na sifa atapenyeza jambo moja la hakika: fidia za mateka zilizojaza hazina ya Rumi, machozi ya Caesar walipolia maskini, taji aliyoikataa mara tatu. Sifa ile ile, pasipo kubadilika hata herufi, yaanza kuchacha masikioni mwa wasikilizaji, mpaka ikawa kinaya kitupu. Na wa kwanza kuwaita wauaji wasaliti si Antony, bali ni raia mmoja katika umati. Hapa ndipo ninapoustaajabia ustadi wa Shakespeare kuliko popote katika tamthilia hii, kwani shutuma imetolewa na sharti halikuvunjwa.

Baada ya hapo vyafuata vazi la Caesar lenye matundu ya majambia, na wasia wake wa drakma 75 kwa kila raia. Lakini mwenye kuiandikia insha dhamira ya nguvu za maneno asikomee kwenye hotuba, bali asome na onyesho fupi lifuatalo, ambamo umati uliokwisha kuwashwa wamkamata Cinna, mshairi aliyeshiriki jina tu na mmoja wa wauaji. Ajieleza kwamba yeye si yule, nao, wakiisha kumwelewa barabara, waamua araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake.