Tanuru Hutema Dhahabu, Humeza Koltani

Tani moja ya mawe ya mgodini mara nyingi hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tani moja ya simu mbovu, zikishatolewa betri, yaweza kutoa gramu 300. Wajapani waliifanyia kazi hesabu hiyo: medali zipatazo 5,000 za Olimpiki na Paralimpiki za Tokyo zilitokana na vifaa vichakavu vilivyochangwa na wananchi, vikatoa kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha. Sifa nyingi za urejelezaji huishia hapo, kwenye dhahabu. Mimi nauliza habari za koltani.

Itazame kwa karibu bodi ya kompyuta ya zamani. Utaona vijipande vya njano, vidogo kama punje za mchele, vyenye mstari upande wa chanya. Fundi yeyote wa Kariakoo anavijua: ni kapasita za tantalamu. Tantalamu hutoka kwenye madini ya koltani, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Kongo na Rwanda. Kule Rubaya, Kivu Kaskazini, watu huifuata mashimoni kwa sururu na koleo.

Sasa bodi hiyo ifike Hoboken, karibu na Antwerp nchini Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Umicore. Inatumbukizwa tanuruni, kwenye joto linalopita nyuzi 1,100 za Selsiasi. Plastiki yake inawaka na kuwa sehemu ya kuni. Shaba inayeyuka, inazoa dhahabu, fedha na paladiamu, kisha inazama nazo. Baadaye shaba hutenganishwa kwa tindikali na umeme, na mali yenyewe hubaki kwenye mashapo. Kiwanda hutoa aina 17 za metali, na dhahabu inayopotea ni kidogo mno.

Tantalamu haimo katika msafara huo. Yenyewe hung'ang'ania oksijeni, hivyo huelea juu na kuondoka na mavi ya chuma. Neodimiamu ya sumaku za spika nayo hupatwa na yayo hayo. Mavi hayo huuzwa kwa kazi za ujenzi. Jasho la Rubaya, basi, linamalizikia kwenye zege.

Dawa ni kuzitoa kapasita kabla ya moto. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Aachen, Ujerumani, walijaribu mtambo ambao kamera yake huzitambua, kisha leza ikayeyusha risasi iliyozishikilia. Kazi hiyo fundi wetu huifanya kwa hita na kibanio, tena bila kuvunja kitu. Mikono yake haina kasoro. Balaa ya urejelezaji wa mitaani ni kuchoma nyaya jalalani na kuloweka bodi kwenye tindikali bila kinga.

Ila kazi hiyo haimlipi. Viwanda vikubwa hununua bodi kwa uzito, vikikadiria dhahabu, fedha, paladiamu na shaba iliyomo. Kapasita ya njano haimo kwenye bei, na hapo fundi hana sababu ya kuwasha hita.