Utangulizi: Miti na Masikio ya Mji

Miembe ya Ujiji, Kigoma, inajulikana kwa historia. Iliota kando ya njia ya misafara ya pembe na watumwa kwenda Bagamoyo, na inasimuliwa kuwa chini ya mmojawapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kurasa hizi zina swali jingine: leo, bodaboda zikipita na spika za maduka zikilia, miembe inamsaidiaje aliyeketi kivulini?

Karibu katika elimu ya mandhari ya sauti. Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser ndio walioipa msukumo mwishoni mwa miaka ya 1960. Hatupimi desibeli tu. Tunauliza watu wanasikia nini, na sauti hizo zina maana gani kwao.

Wengi huja wakiamini kwamba majani hunyonya kelele. Kidogo sana. Mstari mmoja wa miti hutawanya sauti nyembamba, lakini mngurumo mzito wa lori hupenya. Kazi kubwa hufanywa na ardhi: udongo uliolegezwa na mizizi na kufunikwa majani makavu una matundu mengi ambamo sauti hufifia, ilhali saruji huirudisha. Ndiyo maana huniuma kuona mwembe umezungushiwa saruji hadi kwenye gome. Mti umebaki, kazi yake imezibwa. Mchikichi nao, fahari ya Kigoma, makuti yake yako juu na kelele hupita chini. Tuushukuru kwa mawese.

Halafu kuna Ziwa Tanganyika. Maji yaliyotulia hayanyonyi sauti, hivyo injini za maboti ya mwalo wa Kibirizi husikika mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete na vichaka vikiachwa humo, ndege hurudi na upepo hupata pa kuvuma. Sauti hizo haziifuti injini, ila sikio hupata kingine cha kushika, na watu huona kero imepungua hata pale kipimo kinapobaki vilevile. Kwangu hapo ndipo penye utamu wa fani hii.

Kabla ya sura ya kwanza, tembea bila kuzungumza kutoka stesheni ya reli hadi sokoni. Kisha waulize wauza dagaa ni sauti gani wangependa ibaki.