Malezi ya Vijana (2): Tumbo Linaposema Kabla ya Kinywa

Wiki iliyopita tulieleza mabadiliko yanayompata kijana anapobalehe. Leo tuendelee na jambo ambalo wazazi wengi huliita jeuri, uvivu au deko, kumbe lina jina lake: msongo wa mawazo.

Mwaka juzi niliombwa kuzungumza na binti wa kidato cha nne aliyekuwa akiishi kwa mama yake mkubwa. Ilikuwa Septemba, mtihani wa taifa umebakiza miezi miwili. Kila siku ya shule tumbo lilimsokota asubuhi, chai haishuki. Alipimwa malaria mara tatu, hakuonekana na kitu. Alimeza dawa za minyoo, wapi. Kwa kuwa Jumapili tumbo lilitulia, mama mkubwa akaamini kwamba mtoto anatega shule.

Nilimwomba binti anioneshe daftari lake. Ndani ya jalada alikuwa amepanga ratiba kwa kalamu nyekundu: kulala saa saba usiku, kuamka saa kumi alfajiri. Chini yake aliandika, "Usimwangushe mama." Tumbo lilikuwa likisema kile ambacho kinywa kilishindwa kukisema.

Mtu anapohisi hatari, ubongo huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na damu nyingi hukimbilia huko. Tumbo hubaki na kidogo. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye alieleza kwamba panya waliopatishwa mashaka tofauti, kama vile baridi kali, majeraha au sumu, walipata madhara yaleyale, vidonda vya tumbo vikiwamo. Kwa hiyo binti yule hakuwa akiigiza.

Msongo wa muda mfupi una faida yake. Humwamsha kijana, akajibu maswali kwa umakini. Ubaya huanza unapokaa wiki hata miezi: usingizi hukatika, kumbukumbu huyumba, na neno dogo humtoa machozi au humpandisha hasira.

Kijana huzidiwa upesi kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hupima mambo na kutuliza hisia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Tena, katika umri huu homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka. Asiyesinzia saa tatu usiku hafanyi ukaidi.

Tiba ya kwanza ni usingizi. Wataalamu wanashauri saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Binti yule alikuwa akilala kwa saa 3 tu. Usingizini ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Kukesha na vitabu bila kulala ni kuchota maji kwa pakacha.

Pili, mwili uchoshwe kwa kazi au mchezo: mpira, kamba, hata kutembea jioni. Tatu, mzigo ugawanywe. "Kusoma Biolojia yote" hutisha. "Kusoma mada ya damu leo" hufanyika. Moyo ukienda mbio, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mara kadhaa.

Nne, na hili ni letu wazazi, tusikilize kabla ya kuhukumu, na tuache kumlinganisha mtoto na binamu yake. Mama mkubwa aliposoma maneno yale daftarini alinyamaza kwa muda. Kisha akamwambia, "Mwanangu, matokeo yakija vyovyote, hapa ni kwenu." Binti alilia sana. Usiku huo alipanda kitandani saa nne.

Lakini kijana akijitenga au akikataa chakula kwa wiki mbili mfululizo, mpelekeni hospitali. Akisema hataki kuishi, msingoje hata siku moja, wala msimwache peke yake. Tanzania na Kenya zina namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, nayo hupigwa bila malipo.

Mzazi mwenzangu, leo jioni, kabla ya kumuuliza mwanao amepata alama ngapi, muulize jana alilala saa ngapi. Kisha nyamaza, umsikilize.

Itaendelea wiki ijayo.