Mali Bila Daftari: Soko la Mtandaoni na Vitabu vya Hesabu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilikuwa kweli kwa mwenye duka la mtaani, na ni kweli zaidi kwa mtu auzaye kwa njia ya mtandao. Huyo hamwoni mnunuzi wake, hazishiki fedha kwa mkono wake, na mara nyingi hata bidhaa zake zimelala katika ghala la mwingine. Aweza kuuza mwaka mzima kwa bidii kubwa, na mwisho wa mwaka asijue kama amevuna faida au hasara.

Mfano ulio wazi zaidi watoka Marekani. Kampuni ya Amazon ilifungua duka lake katika mji wa Seattle mwaka 1995, ikiuza vitabu. Mwaka 2000 ilifungua milango yake kwa wafanyabiashara wengine wauze bidhaa zao humo humo, na mwaka 2006 ikaanza kuwawekea mali ghalani na kuwasafirishia kwa malipo. Kwa upande mwingine, programu za hesabu zilikwisha kukua katika nyumba nyingine kabisa: QuickBooks ilitolewa Marekani mwaka 1992, na Xero ilianzishwa New Zealand mwaka 2006. Soko lina lugha yake na kitabu cha hesabu kina lugha yake. Kazi ya kuviunganisha viwili hivyo ndiyo inayowashinda wengi.

FEDHA ZIINGIAZO BENKI SI MAUZO

Kwa kawaida Amazon humlipa muuzaji kila baada ya siku 14, baada ya kukata haki zake zote. Hapo ndipo kosa kubwa lizaliwapo. Na ichukuliwe kwa mfano familia iliyouza vifaa 100 vya jikoni kwa dola 20 kila kimoja. Mauzo ni dola 2,000. Komisheni ya asilimia 15, ambayo ndiyo ya kawaida kwa aina nyingi za bidhaa, ni dola 300. Gharama ya kutunza na kusafirisha ni dola 400, na matangazo ni dola 120. Wanunuzi watano wamerudisha vifaa, wakarudishiwa dola 100; kwa vifaa hivyo soko limerudisha komisheni ya dola 12 na kubakiza sehemu ndogo. Benki inapokea dola 1,092.

Mtunza hesabu asiye mwangalifu huandika: "Mauzo, dola 1,092." Kwa mstari huo mmoja amezika dola 908 za habari. Hajui kwamba matangazo yamekula dola 120, wala kwamba bidhaa tano zimerudi. Askari yeyote aliyewahi kutunza bohari analijua jambo hili. Haitoshi kuandika kilichobaki rafuni. Sharti iandikwe kilichoingia, kilichotoka, nani amekichukua, na kilichorudi.

Tena hesabu haijaisha. Ikiwa kila kifaa kilinunuliwa kwa dola 7, vile 95 vilivyouzwa na kubaki kwa wanunuzi viligharimu dola 665. Ikiwa vile vitano vilivyorudi ni vizima na vyaweza kuuzwa tena, faida ni dola 427. Lakini kama familia hiyo ilinunua vifaa 200 kwa dola 1,400 na kuandika fedha yote kuwa gharama ya kipindi hicho, kitabu kitaonyesha hasara ya dola 308 ambayo haipo. Mali iliyo ghalani bado ni mali. Hugeuka gharama pale iuzwapo.

DARAJA LA KATI

Kuunganisha soko na kitabu hufanywa na programu ya tatu isimamayo katikati. Muuzaji huipa idhini ya kusoma taarifa zake za malipo kupitia mlango rasmi wa soko. Hatoi neno lake la siri, na idhini hiyo aweza kuifuta wakati wowote. Programu husoma taarifa ya kila malipo, huichambua, kisha hupeleka kila fungu mahali pake: mauzo kwenye mauzo, marejesho kwenye marejesho, ada kwenye ada.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupeleka kila oda peke yake. Yaonekana kamili, lakini auzaye oda elfu kadhaa kwa mwezi hujaza kitabu chake hadi hakisomeki. Ya pili ni kupeleka muhtasari mmoja kwa kila malipo, wenye mafungu yote na jumla inayolingana na fedha iliyoingia benki. Kwa wengi hii ndiyo ifaayo, kwa kuwa maelezo ya kila oda yapo sokoni yakihitajika. Malipo yakivuka mwisho wa mwezi, muhtasari mzuri hugawanywa, ili mauzo ya Januari yasiandikwe kuwa ya Februari.

Hatari ipo katika kuhesabu mara mbili. Programu nyingi za hesabu huvuta pia taarifa za benki zenyewe. Daraja likiandika mauzo ya dola 2,000, na benki ikaleta dola 1,092 zikaandikwa nazo kuwa mapato, kitabu kitadai biashara imeingiza dola 3,092. Dawa yake ni akaunti ya mpito. Muhtasari huacha humo dola 1,092 zinazodaiwa kutoka sokoni, na fedha ya benki ikifika huzifuta. Salio likirudi sifuri, hesabu ni safi. Lisiporudi, kuna jambo la kutafutwa siku hiyo hiyo.

MACHO YA MTOZA KODI

Jambo hili si la unadhifu wa vitabu tu. Nchini Marekani, fomu iitwayo 1099-K, ambayo masoko hupeleka kwa mamlaka ya kodi, huonyesha jumla ya malipo kabla ya ada na marejesho kukatwa. Muuzaji aliyeandika kilichofika benki peke yake huonekana kana kwamba ameficha mauzo. Aidha, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, mwaka 2018, majimbo yaliweza kudai kodi ya mauzo hata kwa wauzaji walio mbali, na mengi yakaagiza masoko yenyewe yaitoze na kuiwasilisha. Kodi hiyo hupita katika taarifa lakini si mali ya muuzaji. Daraja lililopangwa vibaya huihesabu kuwa mapato yake.

Afrika Mashariki nayo haiko mbali na mambo haya. Nchini Uganda, tangu Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hutakiwa kutoa ankara kupitia mfumo wa EFRIS, na programu zao za hesabu zaweza kuunganishwa nao. Nchini Kenya mfumo wa namna hiyo ni eTIMS. Auzaye kupitia soko kama Jumia hukatwa komisheni kabla ya kulipwa, na kwa hiyo hukutana na swali lile lile.

Familia iliyoanza juzi haina haja ya kukimbilia programu ya kulipia. Daftari la mistari na safu tano latosha: mauzo, marejesho, ada za soko, matangazo, na fedha iliyopokelewa. Kila malipo yaandikwe siku yafikapo, na safu nne za kwanza zilingane na ya tano. Bidhaa zihesabiwe mwisho wa kila mwezi. Biashara ikikua hadi kalamu ishindwe, programu itanunuliwa, na mwenye mali atajua vema ni nini cha kuidai.