Sindano Tatu na Waya wa Shaba: Kufundisha Mabadiliko ya Ndani ya Metali

Mtoto wa darasa la sita akiulizwa kwa nini mhunzi hutosa majini jembe lililo jekundu kwa moto, hujibu, "Ili liwe gumu." Jibu hilo si baya. Hatari huanza pale mwalimu anapoliandika ubaoni kuwa kanuni: "Maji hufanya metali iwe ngumu." Sisi wenyewe tulipata kufundisha hivyo, hadi mwanafunzi mmoja alipotuletea waya wa shaba alioupasha moto na kuutosa majini. Ulikuwa laini kuliko mwanzo, nasi hatukuwa na la kumjibu. Makala hii inakusudia kumwandaa mwalimu mwanafunzi kwa swali la namna hiyo.

Zana

Sindano tatu nene za kushonea, waya wa shaba, jiko la mkaa lenye moto mkali, kipande cha bati, koleo, msasa na kopo la maji baridi.

Hatua

1. Pasha sindano ya kwanza mpaka iwe nyekundu, kisha ifukie katika majivu ya moto ipoe polepole. Ukiikunja, itapinda na kubaki imepinda.
2. Pasha ya pili vivyo hivyo, lakini itose majini papo hapo. Ukiikunja, itakatika kama kijiti kikavu.
3. Itose ya tatu kama ya pili, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ilaze juu ya bati lililo motoni. Iondoe mara igeukapo rangi ya buluu. Ukiikunja kidogo na kuiachia, itarudi ilivyokuwa.
4. Kunja na kunjua waya wa shaba mara kadhaa, wanafunzi waone unavyokuwa mgumu. Upashe mpaka uwe mwekundu, kisha utose majini. Utakuwa laini.

Mwalimu mwenyewe ndiye azikunje sindano, kwa koleo, zikiwa zimefunikwa kitambaa; vipande huruka na huweza kudhuru macho.

Maelezo

Sindano hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Atomi za chuma baridi zimejipanga kama michemraba: moja katika kila pembe, na moja katikati. Feleji ikipita nyuzi 727 za sentigredi, mpango huo huanza kubadilika. Atomi ya katikati hukosekana, na kila uso wa mchemraba hupata atomi yake. Mpango huu mpya hupokea kaboni nyingi zaidi.

Feleji ikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kujitenga, na chuma hubaki laini. Ikipoa ghafula, kaboni hunaswa ndani. Michemraba huvutika, nayo feleji huwa ngumu lakini yenye kuvunjika upesi. Kuipasha tena kidogo huiachia sehemu ya kaboni itoke, na hapo ugumu hukutana na unyumbufu.

Shaba haina badiliko hilo. Mpango wa atomi zake ni ule ule tangu baridi hadi inapoyeyuka. Moto huondoa tu vurugu iliyoletwa na kukunjwa. Maji huipoza, basi.

Ili jambo hili lieleweke, wapange wanafunzi uwanjani kwa mistari wawe chuma, na wachache wapite katikati yao wawe kaboni. Hesabu polepole hadi kumi, "kaboni" watoke na kukusanyika pembeni. Rudia, lakini sema "Simama!" kwa ghafula. Watajionea waliobanwa.

Kwa mwanafunzi mwenye udadisi

Titani safi nayo hubadili mpango wa atomi zake, katika nyuzi 882. Aloi yake yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4 hutumiwa katika ndege na katika viungo vya bandia vya mifupa. Kwa kuchagua joto na mwendo wa kupoza, mafundi huipa chembe ndogo za mviringo, ambazo huchelewesha ufa kuanza, au vibamba virefu, ambavyo huuzuia ufa ulioanza usiendelee upesi. Hata hivyo, kuipoza ghafula hakuifanyi iwe ngumu kwa kiasi cha feleji.

Basi ubaoni na yaandikwe maneno haya: "Tabia ya metali hutokana na mpango wake wa ndani, moto na maji ni njia za kuubadili." Na mwanafunzi aletapo waya wa shaba, mwalimu afurahi: somo limeanza.