Je, Wajua? Namba Mgongoni mwa Beringi

Je, wajua kuwa krankshafti iliyolika ya trekta kuukuu, kama Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, si lazima itupwe? Shingo zake, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, husagwa kwa mashine zikapungua kipenyo kwa inchi 0.010, yaani robo milimita hivi, au 0.020, kisha huwekewa beringi nene zaidi za kufidia. Geuza beringi ya zamani: mgongoni mara nyingi utakuta STD, yaani saizi ya asili, au 010 au 020, yaani kiasi ambacho shingo ilipunguzwa. Ukiona tabaka la kijivu la tumboni mwa beringi limelika hadi rangi ya shaba imejitokeza, hiyo imekwisha. Shingo nayo hulika upande mmoja ikawa kama yai, kwa hiyo ipimwe pande mbili kwa maikromita. Usikubali beringi mpya zivalishwe juu ya shingo yenye mikwaruzo.